Kutembea Kwenye Labirinti Ukisali: Ni Sala ya Kale, Ni Uchawi, au Wote Tumepotoshwa?

Kila baada ya muda klipu za aina hii zinarudi tena kwenye magrupu. Watu wazima, wengine wamevua viatu, wanatembea taratibu kwenye duara kubwa lililochorwa sakafuni ndani ya kanisa, hawaongei, wanageuka geuka, wanapishana, mmoja kasimama katikati kafumba macho. Maneno chini yake huwa ni yale yale: Freemason, ibada ya jua, siku za mwisho hizi ndugu zangu. Halafu anatokea mwingine anajibu kwa ukali kwamba hii ni sala ya kale ya Kikristo, mahujaji wa zamani walikuwa wanatembea hivi badala ya kwenda Yerusalemu, someni historia jamani. Sasa shida ni kwamba hao wote wawili wamekosea, na kwa maoni yangu huyo wa pili kakosea vibaya zaidi kwa sababu anasema kwa kujiamini kitu ambacho hajakihakiki.

Tuanze na kitu chenyewe. Kile mnachokiona sakafuni kinaitwa labirinti. Ni njia moja tu, ina mlango mmoja, inazunguka, inakunja, inarudi ilikotoka, inakunja tena mpaka inakufikisha katikati, na ukitaka kutoka unageuka unarudi na njia ile ile. Hakuna njia panda hata moja. Hakuna kuchagua kushoto wala kulia, yaani hata mtoto akifuata mstari bila kuruka atafika. Watu wanaichanganya na mzingile, ile michoro ya kwenye magazeti ya watoto, "msaidie sungura afike kwenye karoti", yenye vichochoro vya uongo na kuta za kukurudisha nyuma. Mzingile umetengenezwa ili upotee. Labirinti haiwezi kukupoteza, kazi yake ni kukuchelewesha tu.

Na inakuchelewesha kweli kweli. Umeshaona mbuzi akichinjwa, utumbo ukitolewa mpaka unajiuliza huu wote ulikuwa umekaaje kwenye tumbo dogo vile? Hesabu ni hiyo hiyo. Labirinti maarufu kuliko zote iko kwenye sakafu ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, imewekwa mwanzoni mwa karne ya 13, upana wake ni kama mita 13 tu, kwa hiyo ungekata moja kwa moja kutoka mlangoni mpaka katikati ni hatua kumi hivi umemaliza. Lakini ukiifuata njia yenyewe unatembea zaidi ya mita 260, na hapo ni kwenda tu, kurudi unazianza upya. Imepangwa kwa mizunguko 11 na katikati kuna umbo la ua lenye petali sita.

Kitu ambacho picha haionyeshi ni jinsi njia ya Chartres inavyokuchezea akili. Ukiingia tu, baada ya kona chache inakupeleka mpaka kwenye mzunguko wa ndani kabisa, katikati pale unapaona, unaweza kupagusa kwa mguu, unasema nimeshafika. Hujafika. Inakutoa tena, inakuzungusha weee, mpaka karibu na mwisho unajikuta uko kwenye mzunguko wa nje kabisa, mbali kuliko ulipoanzia, na hapo ndipo kwa kona chache tu inakuingiza. Kwa hiyo mtu anaeonekana yuko pembeni kabisa anaweza kuwa ndio anakaribia kufika na yule anaekaribia katikati ndio kwanza kaanza, na huwezi kujua kwa kumwangalia. Mapadre na wachungaji wanaoipenda hii kitu wanaweza kukuhubiria saa nzima juu ya hilo moja, na siwalaumu.

Sasa wanaosali wanafanya nini mle? Kiukweli hakuna liturujia rasmi, yaani utaratibu wa ibada uliowekwa na Kanisa. Unasimama mlangoni, unatulia, unapumua, wengine wanashika neno moja la Biblia, mfano lile la Zaburi 46, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu", au ile sala fupi ya Wakristo wa Mashariki, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", unairudia kufuatana na hatua. Wengine hawana maneno, wamebeba jina la mgonjwa au jambo linalowasumbua wanalipeleka mpaka katikati. Utaratibu unaofundishwa sana ni wa sehemu tatu: ukienda unaachilia, ukifika katikati unakaa kimya unapokea, ukirudi unarudi na ulichopewa kwenye maisha yako ya kawaida. Ukikutana na mtu anaetoka unampisha, mnaendelea. Ukiuvuka mstari kwa bahati mbaya hakuna kitu kinatokea, unaweza tu kujikuta umerudi mlangoni bila kupenda, na watu huwa wanacheka wenyewe.

Turudi kwenye historia maana ugomvi wote uko huko.

Mchoro wenyewe ni wa zamani kuliko Ukristo, hilo halina ubishi. Kuna kibao cha udongo kutoka Pylos, Ugiriki, cha takriban mwaka 1200 kabla ya Kristo, kina labirinti imekwaruzwa. Mji wa Knossos kwenye kisiwa cha Krete ulikuwa unapiga mchoro huo kwenye sarafu zake, na ni Knossos hiyo hiyo ya ile stori ya Minotauro, jitu lenye kichwa cha ng'ombe lililofungiwa kwenye jengo la kupotezana, mpaka shujaa Theseus akaingia na uzi aliopewa na Ariadne, binti wa mfalme, akaliua akatoka. Hapa pana kichekesho: kwenye stori lazima uwe na uzi la sivyo umepotea, lakini labirinti ya kwenye sarafu kwa kawaida ina njia moja tu, uzi wa nini sasa? Kwa hiyo kuchanganya labirinti na mzingile si kosa la mtandaoni, wenye stori yao wenyewe walikuwa wanachanganya. Michoro ya namna hii ipo pia kwa mawe kwenye pwani za Skandinavia, ipo India, ipo kwa watu wa O'odham kule Arizona. Hakuna dini moja inayoweza kusema hii ni mali yangu.

Wakristo waliichukua lini? Mapema, na ni hapa hapa Afrika. Kwenye basilika ya Reparatus, mji unaoitwa leo Chlef nchini Algeria, kanisa lililoanzishwa mwaka 324, kulikuwa na labirinti ya mozaiki sakafuni na katikati yake hakuna Minotauro, kuna mraba wa herufi za Kilatini zinazosomeka "Kanisa Takatifu" ukianzia katikati na kwenda pande mbalimbali. Mozaiki hiyo baadae ilihamishiwa kanisa kuu la Algiers. Ilikuwa ndogo mno kutembelewa, ni mchoro wa kutazama na kusoma. Lakini angalia walichofanya: walitoa jitu la kipagani wakaweka Kanisa. Na hata neno basilika lilikuwa jina la ukumbi wa Warumi wa mahakama na biashara kabla halijawa jina la kanisa, kwa hiyo anaesema tusiguse kitu kilichowahi kuguswa na wapagani itabidi aanzie na jengo lenyewe.

Zama za kati ndio labirinti za sakafuni zikashamiri, hasa Ufaransa kaskazini: Chartres, Reims, Amiens ya mwaka 1288, Auxerre, Sens. Na hapa wengi hawajui, maana iliyokuwa inasomwa mle ilikuwa ya Pasaka. Theseus alichukuliwa kama kivuli cha Kristo anaeshuka kuzimu, anamshinda shetani, halafu anatoka na njia ya kutokea iko wazi kwa wengine. Chartres kulikuwa na bamba la shaba pale katikati na maandishi ya karne ya 17 yanasema lilikuwa na picha ya Theseus na Minotauro, ndani ya kanisa kuu la Bikira Maria! Bamba hilo liling'olewa 1792 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa likaenda kuyeyushwa kwa ajili ya vita, zimebaki alama za misumari tu.

Lakini ya Auxerre ndio inayonifurahisha. Siku ya Pasaka, mapadre wa kanisa kuu walikuwa wanakusanyika kwenye labirinti, mkuu wao anashika mpira, anaanza kucheza dansi huku wanaimba Victimae paschali laudes, ile sekwensia, yaani wimbo wa Kilatini, ambayo Wakatoliki mpaka leo tunaisikia Misa ya Pasaka, wenzake wameshikana mikono wanazunguka, na mpira unarushwa huku na huku kati ya mkuu na wachezaji. Wakimaliza wanaenda kula. Kuna kumbukumbu ya desturi hiyo kutoka mwaka 1396 na ilipigwa marufuku 1538. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa uhakika mapadre wa zama za kati walifanya nini kwenye labirinti, jibu lenye ushahidi mzuri ni hilo: walicheza mpira na dansi. Wale wanaotembea kwa huzuni na sura nzito wangeshangaza sana Auxerre.

Sasa ile ya mahujaji na Yerusalemu. Utaisoma kila mahali, kwenye vipeperushi mpaka kwenye tovuti za makanisa: Vita vya Msalaba vilifanya safari ya Nchi Takatifu kuwa hatari, kwa hiyo Kanisa likateua makanisa makuu yenye labirinti, waumini wakatembea mle, wengine kwa magoti, ikahesabika kama wamehiji. Ni stori tamu na inawezekana mtu mmoja mmoja aliwahi kufanya hivyo, ila kwenye maandishi ya zama za kati yaliyotufikia hakuna linaloeleza desturi hiyo. Jina la "njia ya Yerusalemu" linaanza kuonekana kwenye maandishi ya karne ya 18, miaka kama 500 baada ya labirinti ya Chartres kuwekwa. Watafiti waliochimba sana hili jambo, akiwemo Craig Wright mwanahistoria wa muziki aliyeandika kitabu kizima mwaka 2001, hawakukuta ushahidi.

Na ajabu ni kwamba kitu kinachofanana na hicho kipo kweli, na sisi tunakifanya kila Ijumaa ya Kwaresima! Njia ya Msalaba. Ile ndiyo iliyozaliwa kutokana na hija ya Yerusalemu, Wafransisko wakaisambaza kwa watu wasioweza kusafiri, na Papa Klementi XII mwaka 1731 akaweka idadi iwe vituo 14 na kuruhusu iwekwe kwenye makanisa yote. Kwa hiyo anaeuliza "Wakristo wanasalije kwa kutembea?" anauliza huku mwenyewe anatoka kituo cha tatu kwenda cha nne. Waulize pia wale wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania mpaka Namugongo kuwahi tarehe 3 Juni, wengine wiki kadhaa barabarani. Miguu kusali si jambo geni kwetu hata kidogo, kigeni ni umbo la njia tu.

Baada ya zama za kati labirinti zilipoteza maana. Ya Reims iling'olewa miaka michache kabla ya Mapinduzi kwa sababu watoto walikuwa wanaichezea wakati wa ibada wanapiga kelele, na mapadre wakachoka (mchoro wake lakini haukufa, ndio leo umekuwa nembo ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa). Ya Amiens ilibomolewa karne ya 19 halafu ikarudishwa karne hiyo hiyo. Ya Chartres ilipona, ila kwa karne nyingi imekaa chini ya viti na watu wanakanyaga bila kuangalia chini.

Mpaka 1991. Lauren Artress, kasisi wa Kianglikana wa kanisa kuu la Grace, San Francisco, alienda Chartres na wenzake wachache wakasogeza viti wenyewe wakatembea. Aliporudi nyumbani akachora nakala kwenye turubai kubwa, na mwisho wa mwaka huo huo wakaitandaza kanisani watu waje watembee. Watu walikuja kuliko ilivyotarajiwa. Kutoka hapo ikasambaa: makanisa, hospitali, magereza, nyumba za mafungo, mwaka 2000 hata kanisa kuu la St Paul's la London liliwekewa labirinti ya vijana ambapo unatembea na hedifoni masikioni ukisikiliza tafakari. Ule utaratibu wa kuachilia, kupokea na kurudi nilioutaja juu unatoka kwa Artress, yeye akiuegemeza kwenye ngazi tatu za wafumbo wa zamani (Wakristo waliotafuta kuungana na Mungu kwa sala ya ndani), yaani kutakaswa, kuangaziwa na kuungana na Mungu. Chartres nao siku hizi wanaondoa viti kila Ijumaa kuanzia Kwaresima mpaka mwisho wa Oktoba hivi.

Kwa hiyo kwa kifupi mchoro ni wa kale, Ukristo wa mchoro ni wa kale pia, lakini kuutembea kimya kimya kama sala ya mtu binafsi, kwa namna tunayoiona kwenye klipu, ni kitu cha miaka ya tisini. Kina umri mdogo kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Sioni ubaya wa sala kuwa mpya, rozari nayo kuna siku ilikuwa mpya. Ubaya ni kuizeesha kwa stori ya kutunga ili iheshimike.

Na wanaopinga nao wana hoja moja nzuri, tusiizike. Artress mwenyewe ameeleza kwamba mara ya kwanza kukutana na labirinti haikuwa kanisani, ilikuwa kwenye semina za Jean Houston, mwalimu wa mambo ya kiroho ya kuchanganya changanya, na maandishi ya Artress yana lugha ambayo Mkristo wa kawaida wa Mbeya au Kisii ataisoma mara mbili mbili, mambo ya uungu wa kike na kadhalika. Mtu akiniambia "mimi kwa sababu hiyo siendi", namwelewa kabisa. Ila kutoka hapo kurukia kwamba mistari yenyewe ina mapepo, hapana, hapo umeacha hoja umeingia kwenye uoga. Mistari ni mistari. Anaetembea huku akilitaja jina la Yesu na anaetembea huku akisubiri "nishati ya ulimwengu" wanakanyaga sakafu ile ile na hawafanyi kitu kimoja.

Nishati hiyo nayo tuiongelee maana iko kila mahali. Utaambiwa chini ya Chartres kuna mikondo ya nguvu, kwamba labirinti inaponya, inafungua sijui nini kichwani. Hakuna ushahidi. Kinachojulikana ni cha kawaida sana: mtu akitembea polepole, akapumua vizuri, akazima simu kwa nusu saa, mwili unatulia, na kwa kuwa hakuna njia ya kuchagua akili inapumzika kupanga. Kwa wale ambao wakikaa kusali dakika tano wanasinzia au wanaanza kuhesabu madeni, miguu ikipewa kazi kichwa kinapata nafasi, na nadhani hiyo ndiyo siri yote.

Wapo pia wanaoitetea kwa Yeriko, kwamba si Waisraeli walizunguka mji siku saba? Mimi hoja hii hainiingii. Yoshua alizunguka kwa agizo la siku zile na kwa kusudi moja, ukuta uanguke, na walizunguka kwa nje. Ukitaka andiko, Yeremia 6:16 linatosha, "Simameni katika njia kuu, mkaone, mkaulize habari za mapito ya zamani", ingawa nalo halisemi chochote juu ya sakafu ya kanisa. Hakuna andiko la labirinti. Ni chombo kama mshumaa au rozari, si sakramenti, anaeiacha hajapungukiwa na anaeitumia hajatakatifuka zaidi ya jirani yake.

Na kwa asiyeweza kutembea, ipo ya kidole. Kule Lucca, Italia, kwenye nguzo ya baraza ya kanisa kuu kuna labirinti ndogo imechongwa kwenye jiwe, unaifuata kwa kidole, na vidole vya karne nyingi vimelainisha jiwe lile. Siku hizi watu wanachonga kwenye ubao au wanachapisha kwenye karatasi, mgonjwa kitandani anaifuata taratibu.

Anaetaka kujaribu bila kusafiri popote, ile ya kale yenye mizunguko saba inachorwa kwa kijiti kwenye mchanga. Chora msalaba. Kwenye kila pembe moja ya zile nne za msalaba weka kona, yaani umbo la L ambalo pembe yake inaelekea katikati ya msalaba, halafu nje ya kila kona weka nukta ili nukta nne zifanye mraba. Sasa unganisha kwa matao: ncha ya juu ya msalaba na ncha ya juu ya kona iliyo kulia kwake, halafu ncha inayofuata upande wa kushoto na inayofuata upande wa kulia, tao juu ya tao, mpaka ncha zote 16 zimekwisha na matao ni manane. Usishangae kwamba inaanzia kwenye msalaba, wengi wanalichukulia kama fumbo kubwa lakini Wagiriki wa kabla ya Kristo nao walipata mchoro ule ule, ni jiometri tu. Kama unataka ya kutembea kwa miguu, njia ya nusu mita inahitaji uwanja wa kama mita nane kwa nane, panga mawe au mwaga chokaa, na waambie majirani mapema unafanya nini.